Mwanagenzi na Fundi Wake

Hotuba iliyosomwa na mwanachama mwashi mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mombasa



Halmashauri yenu iliponiandikia kunitaka nizungumze nanyi juu ya kazi ya ujenzi, iliniachia hiari ya kuchagua pa kuanzia. Nimechagua upande usiosemwa sana. Sitawaeleza bei ya saruji, wala sitawahesabia ghorofa zinazoinuka katika mji wetu. Nataka kunena habari za yule kijana anayepanda ngazi na karai la zege begani, ambaye huenda ni mwanao au mjukuu wako, na kuleta mbele yenu ombi moja linalohusu fedha za chama hiki. Ombi lenyewe nitalitaja mwishoni, ili mwe mmekwisha kuzisikia sababu zake.

Kijana huyo, akiwa chini ya fundi anayemfundisha, huitwa mwanagenzi. Akiwa hana anayemfundisha, ni kibarua. Mpita njia akiwatazama wawili hao haoni tofauti, kwa kuwa wote wamejaa vumbi na wote hulipwa kidogo. Tofauti huonekana baada ya miaka mitano. Mmoja ana timazi na pimamaji vyake mwenyewe, na watu humfuata nyumbani kumpa kazi. Wa pili angali anabeba karai, na mgongo umeanza kumwuma.

Pwani hii haikujifunza kujenga jana. Kuta za Gedi zingali zimesimama ingawa wenyeji waliuhama mji ule karne kadhaa zilizopita. Mwaka wa 2024 UNESCO iliutia mji huo katika orodha ya urithi wa dunia, kama ilivyoutia mji mkongwe wa Lamu mwaka wa 2001. Majina ya waashi waliojenga Gedi hatuyajui. Namna yao ya kufanya kazi twaijua, maana iliendelea Lamu na Mombasa hata zama za babu zetu. Mawe ya matumbawe yalichimbwa. Mengine yakachomwa juu ya rundo la magogo mpaka yakawa chokaa. Chokaa ikatiwa maji, kisha ikaachwa ikomae kwa muda mrefu kabla ya kutumiwa. Dari zilitandikwa juu ya boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti iliyo imara haipatikani ndefu sana, upana wa chumba ulikuwa kiasi cha mita 3 au pungufu, hata katika nyumba ya tajiri. Mwenye nyumba angeweza kutaka ukumbi mpana kadiri apendavyo, lakini boriti ilikuwa na neno la mwisho, na mwashi alijua kumwambia hivyo kwa adabu.

Mtoto aliyepelekwa kwa fundi wa namna hiyo hakukabidhiwa mwiko siku ya kwanza. Alianza kwa kuchota maji na kuchekecha chokaa. Baadaye akajua, kwa kuisugua kati ya vidole viwili, ipi imekomaa na ipi bado. Akafundishwa kuchagua jiwe kwa kuligonga na kulisikiliza, kushika uzi, kusimamisha timazi na kungoja itulie. Hilo la kungoja timazi itulie ni somo kubwa kuliko mnavyodhani; nimeona kuta nyingi zilizopinda kwa sababu ya mtu aliyekuwa na haraka ya dakika moja. Mwiko ulikuja mwisho, na ulipokuja mkono ulikuwa umekwisha kuijua kazi.

Sisemi kwamba mambo ya kale yalikuwa mema yote. Fundi aliweza kumtumikisha mtoto wa watu kwa miaka, akimtuma sokoni na kuchanja kuni, huku siri za kazi amemwekea mwanawe mwenyewe. Watoto wa kike hawakuhesabiwa kuwa mafundi wa nyumba, ijapokuwa huko bara na huku pwani wanawake ndio waliokandika udongo nyumba nyingi tulizozaliwa ndani yake. Lakini mzazi alimjua fundi, na fundi alimjua mzazi, na mtaa wote ulijua kwamba kijana fulani yuko mkononi mwa fulani. Ukuta ukipinda, palikuwa na mtu wa kuulizwa.

Yaliyofuata nitayapitia upesi. Serikali ya kikoloni ilipohitaji mafundi Waafrika ilifungua kituo cha mafunzo ya kazi za mikono huko Kabete mwaka wa 1924, mahali ambapo leo pana Chuo cha Kitaifa cha Ufundi. Hapa kwetu Mombasa, taasisi ya elimu ya Waislamu iliyojulikana kwa jina la MIOME ilipokea wanafunzi mwaka wa 1951. Ndiyo iliyokua ikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa mwaka wa 2013. Sheria ya Mafunzo ya Viwandani ilitungwa mwaka wa 1959. Baada ya Uhuru, mwaka wa 1966, Baraza la Makanisa lilitoa taarifa iliyouliza vijana wafanye nini wamalizapo shule, na kutokana na swali hilo vikaanzishwa vyuo vya ufundi vya vijijini, ambavyo tangu mwaka wa 2013 viko chini ya serikali za kaunti. Mimi nafurahi kila nionapo chuo kimepandishwa cheo, ila huwa nauliza: benchi la mwashi limewekwa wapi?

Basi tutazame hali ilivyo leo. Nendeni alfajiri kwenye lango la jengo lolote kubwa katika mji huu. Mtawakuta vijana wamesimama wakingoja msimamizi atoke aseme, leo nataka kumi. Wanaochaguliwa huingia, wasiochaguliwa hurudi nyumbani au huenda lango la pili. Kesho huenda wakawa wengine. Kijana aliyechanganya zege Jumatatu chini ya fundi mmoja, Jumanne anabeba mawe kwa fundi mwingine, na Alhamisi hana kazi. Fundi naye amepewa kazi ya mkono, yaani hulipwa kwa kipimo cha ukuta uliokwisha, na kila dakika atakayomweleza kijana jambo ni dakika iliyotoka mfukoni mwake. Simlaumu. Ana watoto wa kulisha. Lakini matokeo yake ni kwamba kijana hujifunza kwa jicho peke yake, na jicho huona jinsi jambo linavyofanywa, halioni kwa nini.

Nitawapa mfano mmoja, nao ni wa zege, maana karibu kila jengo la siku hizi limesimama juu yake. Kibarua aliyeona zege likimwagwa mara mia anajua kwamba saruji, mchanga na kokoto huchanganywa, kwa kawaida sehemu moja ya saruji kwa mbili za mchanga na nne za kokoto. Anajua pia kwamba zege likiwa zito humchosha, na kwamba ndoo moja ya maji ya ziada hulifanya liteleze kama uji. Kwa hiyo huongeza ndoo. Hakuna aliyemwambia kwamba yale maji ya ziada hayabaki ndani ya zege. Hukauka, na pale yalipokuwa huacha vitundu vidogo visivyoonekana, na zege hilo huwa dhaifu siku zote za maisha yake. Nguzo kwa nje itakuwa nzuri tu. Itapigwa lipu na kupakwa rangi, na mwenye nyumba atalipa bila kuuliza.

Vivyo hivyo kuhusu kumwagilia. Zege haligumu kwa kukauka, kama udongo ugumuvyo juani. Hugumu kwa sababu saruji na maji hufungamana, na kazi hiyo yataka siku nyingi. Ndiyo maana hufunikwa na kumwagiwa maji kwa muda wa siku 7 angalau, na ndiyo maana wapimaji hulivunja zege la majaribio siku ya 28 ili kujua nguvu zake. Kijana asiyeelezwa haya huona kumwagilia ni kazi ya mtu aliyekosa kazi, na jua la Mombasa likiwaka husema kazi imekauka vyema.

Lakini hatari kubwa zaidi kwetu sisi wa pwani ni mchanga wa baharini. U karibu na haupimwi kwa lori la mtu. Ila una chumvi, na chumvi hula vyuma vilivyo ndani ya zege. Chuma kikipata kutu huvimba, kikivimba hulipasua zege kutoka ndani, na ndipo mwonapo vibaraza na dari zikimeguka vipande na vyuma vyekundu vikichungulia. Hali kadhalika chuma kisipofunikwa vya kutosha. Mafundi huweka vijipande vya zege, wenyewe huviita biskuti, ili kukiinua chuma kisigusane na mbao za chini. Kibarua huviona vile vijipande akadhani ni takataka, akavipiga teke. Nani wa kumlaumu? Mtu hawezi kukilinda asichojua kazi yake.

Wazee wangu, mwakumbuka tarehe 29 Aprili mwaka wa 2016, mvua ilipokuwa ikinyesha Nairobi, jengo la ghorofa lililojengwa karibu na ukingo wa mto katika mtaa wa Huruma lilianguka usiku, na watu zaidi ya 50 wakapoteza maisha yao. Yafaa niseme wazi kwamba msiba wa namna ile hautokani na kibarua. Mwenye kiwanja, mwenye kuchora, mwenye kukagua na mwenye kutoa idhini, kila mmoja ana sehemu yake, nayo ni kubwa kuliko ya mbeba karai. Lakini najua jambo hili pia: katika kila jengo kuna mikono iliyogusa kila nguzo kabla ya mkaguzi kufika, na mikono hiyo ikiwa na elimu, na mwenye nayo akiwa na cheti kinachomwezesha kupata kazi kwingine, aweza kusema, Bwana, mchanga huu siutumii. Kibarua wa langoni hawezi kusema hivyo. Akisema, kesho hatachaguliwa.

Sheria yenyewe haituzuii. Chini ya Sheria ya Mafunzo ya Viwandani, mwanagenzi aweza kufungiwa mkataba wa maandishi na mwajiri wake, mzazi au mlezi akikubali iwapo kijana hajatimiza umri wa utu uzima, na mkataba huo huandikishwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani. Mamlaka hiyo ndiyo yenye mitihani ya ufundi, kuanzia daraja la tatu, kisha la pili, mpaka la kwanza lililo juu. Waajiri hutakiwa kulipa ushuru wa mafunzo, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na aliyelipa aweza kudai kurudishiwa sehemu ya gharama akiwafundisha watu wake. Vilevile Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2011, huwaandikisha mafundi wa ujenzi na wasimamizi wao, si wakandarasi peke yao. Mambo haya yapo. Ila yameandikwa kwa Kiingereza, ofisi zake zafunguliwa saa ambazo kibarua yuko kazini, na fundi wa mtaani anayeajiri watu wawili au watatu hajui kwamba yanamhusu.

Kuna sheria nyingine ambayo ningependa kila mzazi aliye hapa aijue, nayo ni ile ya mwaka wa 2007 juu ya fidia kwa wanaoumia kazini. Sheria hiyo humhesabu mwanagenzi kuwa mfanyakazi. Kijana aliye na mkataba akianguka kutoka kwenye jukwaa la kujengea, pana karatasi inayosema alikuwa nani na alikuwa akimfanyia nani kazi. Kijana wa langoni akianguka, jambo la kwanza atakaloambiwa mzazi wake ni kwamba hapa hatumjui. Mzazi huyo hana la kuonyesha. Huja kwetu, nasi hufungua sanduku.

Hapo ndipo nilipokuwa nikielekea. Chama hiki kilianzishwa ili mtu wetu akifa ugenini asizikwe kama asiye na wenyewe, na mjane wake asiachwe mikono mitupu. Ni kazi tukufu, na asiwepo atakayedhani nataka kuipunguza. Halmashauri yajua kuliko mimi ni mara ngapi sanduku letu limefunguliwa kwa ajili ya vijana walioumia au kufa katika majengo ya watu. Kila mara tulitoa, na tulifanya vyema kutoa. Nauliza tu kama hatuwezi kumfikia kijana mapema kidogo.

Najua yatakayosemwa. Wazee wengine watasema fedha za mazishi ni amana, na amana haibadilishwi matumizi. Nakubali, kwa hiyo siombi ile iliyokwisha wekwa. Naomba sehemu moja katika kumi ya michango itakayokusanywa kuanzia mwaka ujao, iandikwe katika daftari lake yenyewe, isichanganywe.

Mafundi watasema, nikimfundisha kikamilifu ataninyang'anya kazi. Neno hili nimelisikia tangu ujana wangu na sijaona likithibitika. Mwenye kuogopa mwanagenzi wake ana mashaka na mkono wake mwenyewe. Neno lililo zito zaidi ni kwamba vijana hutoroka: akishajua kupiga lipu huondoka, akajiita fundi, na hajui hata kupanga msingi. Hilo ni kweli, na dawa yake iwe ndani ya mkataba. Chama kinunue vifaa vya kila kijana, yaani mwiko, timazi, pimamaji, nyundo na futi, avitumie tangu mwanzo lakini viwe mali ya chama mpaka amalize miaka mitatu na kufaulu mtihani wa daraja la tatu. Siku hiyo akabidhiwe mbele ya mkutano kama huu. Fundi naye alipwe kitu kidogo na chama kila baada ya miezi sita, mzee aliyechaguliwa akiisha kwenda mwenyewe kwenye jengo akaona kijana amefundishwa nini. Nasema aende mwenyewe. Taarifa ya simu haitoshi.

Wazazi ndio watakaokuwa wagumu. Kwao ufundi ni mahali pa kumpeleka aliyeshindwa na masomo. Mama mmoja aweza kuuza shamba amsomeshe mwanawe kazi ya ofisini isiyopatikana, lakini akaona haya kusema mwanangu ni mwashi. Nawaomba wahesabu wenyewe, katika mtaa wao, ni nani anayeitwa kazini hata siku ya Jumapili na ni nani anayezunguka na bahasha. Kuna na wale waliofanya kazi miaka ishirini bila cheti chochote. Hao wasidhani wamechelewa. Mtihani wa ufundi haumwulizi mtu alisoma wapi. Humpa kazi aifanye, ikatazamwa. Chama kikiwalipia ada ya mtihani wanne au watano wa namna hiyo, tutakuwa tumepata walimu wa hawa vijana kwa gharama ndogo sana.

Kuhusu mabinti nina neno fupi. Wapo tayari, hasa katika umeme, rangi na uwekaji wa vigae, na kazi yao nimeiona ni safi. Kinachowazuia ni majengo yasiyo na choo cha wanawake na wasimamizi wasiojua kuzungumza na binti ya mtu kwa heshima. Mkataba uyataje yote mawili kwa maneno wazi, na akina mama wa halmashauri ndio wawe wakaguzi wake.

Bwana Mwenyekiti, ombi langu basi ni hili. Mwaka wa kwanza tuchukue vijana sita: watatu wa uashi, mmoja wa useremala, mmoja wa mabomba ya maji na mmoja wa umeme, na katika sita hao wawili angalau wawe wa kike. Wachaguliwe na wazee kwa kuzungumza nao na wazazi wao, isitazamwe nani ni mtoto wa nani. Kila mkataba uwe na saini ya fundi, ya kijana, ya mzazi, na ya mzee mmoja wa chama aliye shahidi, kisha uandikishwe kwa Mamlaka. Nakala ikae katika sanduku letu, pamoja na daftari la mazishi.

Karatasi ya mfano nimemkabidhi Katibu. Imeandikwa kwa Kiswahili, ili kila mzazi aweze kuisoma au kusomewa kabla ya kutia kidole. Mafundi wanne walio wanachama wamekubali kupokea kijana mmoja mmoja. Bado twahitaji fundi wa mabomba na fundi wa umeme. Naleta pendekezo hili mbele ya mkutano, nami naomba mwenye kuliunga mkono asimame.